Padri Jean-Baptiste de La Salle na walimu wa maskini

Tumwonapo mwalimu amesimama mbele ya watoto arobaini, wote wakisoma ukurasa mmoja, twadhani ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Sivyo. Tutazame Ufaransa, yapata miaka 350 iliyopita.

Siku zile mtoto wa tajiri alifundishwa nyumbani, au katika koleji, kwa Kilatini. Mtoto wa kibarua, akibahatika kupata shule, alikaa akingoja zamu yake: mwalimu aliwaita mmoja mmoja mezani pake, na wengine wakacheza na kupigana. Tena alianza kusoma kwa Kilatini, lugha asiyoisema nyumbani. Wengi waliondoka kwenda kutafuta kazi kabla ya kujua kusoma vema.

Walikuwako walioona huruma. Padri Charles Démia alifungua shule ya maskini katika mji wa Lyon mwaka 1667. Lakini taabu kubwa ilikuwa walimu wenyewe: hawakufunzwa kazi yao, na mshahara wao ulikuwa mdogo, wakipata kazi bora, walikwenda zao.

Jean-Baptiste de La Salle alizaliwa Reims mwaka 1651, katika jamaa ya watu wakubwa. Alikuwa padri na kanoniko wa kanisa kuu, mwenye mapato yake. Mwaka 1679 alikutana na Adrien Nyel, mlei aliyekuja mjini kufungua shule za maskini, akamsaidia. Mwaka 1681 aliwakaribisha walimu wakae nyumbani mwake. Jamaa zake wakakasirika: watu wanyonge namna hii wale meza moja na kanoniko!

Yeye aliwahimiza walimu wamtumaini Mungu, wasihangaike kwa ajili ya kesho. Nao wakamjibu kwamba kwake ni rahisi kusema hivyo, maana ana mali na ukanoniko. Shule zikianguka, wao watakuwa ombaomba. Neno hilo lilimchoma. Mwaka 1683 aliacha ukanoniko, na njaa ilipoingia mwaka uliofuata, aliwagawia maskini mali yake. Tangu hapo akawa sawa nao, nao wakaitwa Ndugu wa Shule za Kikristo.

Basi kazi ikapata nguvu. Aliwafunza walimu kabla ya kuwapa darasa. Watoto walipangwa kwa kadiri ya ujuzi wao, wakafundishwa pamoja, bila malipo, kwa Kifaransa kwanza. Askofu wa Chartres alipopenda Kilatini kitangulie, de La Salle alimweleza kwamba maskini hukaa shuleni muda mfupi. Wakianza na Kilatini, watatoka bila kujua kusoma lugha yoyote. Huko Paris, walimu wa mwandiko walioishi kwa karo za wazazi walimshtaki mwaka 1704, kwa kuwa shule ya bure iliwapunguzia wanafunzi.

Alifariki Rouen mwaka 1719. Papa Leo XIII alimtangaza mtakatifu mwaka 1900, na mwaka 1950 Papa Pio XII alimweka kuwa msimamizi wa walimu wote.

Wasomaji, tukiwatakia watoto wetu shule njema, tuulize kwanza mwalimu wao anakula nini na analala wapi. De La Salle aliulizwa swali hilo na walimu wake, akalijibu kwa mali yake yote.