Jina la Chablis

Msomaji, je, wajua ya kuwa neno letu "divai" limetokana na maneno ya Kifaransa "du vin"? Lakini Wafaransa wenyewe hawatosheki na jina hilo moja. Huziita divai zao nyingi kwa majina ya mahali zitokapo. Sikusudii kukusifia kileo. Nataka tutazame kisa cha jina moja tu.

Kaskazini mwa jimbo la Bourgogne, kando ya mto Serein, kuna mji mdogo uitwao Chablis. Mnamo mwaka 867 Mfalme Charles, aliyepewa lakabu ya Mwenye Upara, aliwapa watawa wa Mtakatifu Martin wa Tours nyumba ya watawa iliyokuwako huko. Baadaye watawa wa Pontigny, ambao makao yao yaliasisiwa mwaka 1114, nao walilima mizabibu katika vilima hivyo. Mapipa yalipelekwa Auxerre, kisha yakateremka kwa mto Yonne hadi Paris, na wanunuzi wakaiita divai kwa jina la mji.

Udongo wa huko ni wa chokaa, na ndani yake mna makombe ya chaza wa kale yaliyogeuka mawe. Zabibu ni za aina ya Chardonnay. Divai yake ni nyeupe, wala si tamu, kwa kuwa karibu sukari yote hugeuka kileo inapochacha.

Wahenga walisema chema chajiuza. Naam, lakini chema huibiwa pia! Huko Marekani na Australia watu wakaanza kuiita divai yao nyeupe "Chablis", ingawa haikuuona mji huo. Marekani hata divai ya rangi ya waridi ilipewa jina hilo.

Mwaka 1938 Ufaransa ilikata shauri kwa sheria: Chablis ni divai ya Chardonnay iliyolimwa katika eneo la mji huo tu. Lakini sheria ya nchi moja haivuki bahari. Mwaka 2006 Marekani ilipatana na nchi za Ulaya kwamba wazalishaji wapya wasilitumie jina hilo. Waliokwisha kulizoea wakaachiwa.

Basi fikiri, msomaji: je, kutumia jina la mwenzio miaka mingi hulifanya kuwa lako?