Kidato na Tawi: Dhana ya Maendeleo katika Fikra za Mageuko na Historia ya Uwanda wa Makonde

Tarehe 1 Julai 2020 Benki ya Dunia iliiingiza Tanzania katika kundi la nchi zenye uchumi wa kati wa ngazi ya chini. Pato la taifa kwa kila mtu lilikuwa limefikia dola 1,080 za Marekani kwa mwaka 2019, na kundi hilo lilianzia dola 1,036. Lengo la kufika huko lilikuwa limewekwa katika Dira ya Taifa ya Maendeleo 2025, iliyotolewa mwaka 1999 wakati wa utawala wa Rais Benjamin William Mkapa. Mkapa alifariki tarehe 24 ya mwezi huo huo wa Julai 2020, akazikwa siku tano baadaye kijijini kwake Lupaso, wilayani Masasi, mahali alipozaliwa mwaka 1938. Nchi iliyotajwa kuwa imepanda kidato kimoja ilikuwa ikimzika mmoja wa walioitaka ipande.

Neno kidato lastahili kutazamwa. Wanafunzi hulijua kwa shule ya sekondari, lakini maana yake ya awali ni pengo linalochongwa katika shina la mnazi ili mkwezi apate pa kuweka mguu. Mnazi haukui na vidato. Vidato huchongwa na binadamu anayetaka kufika juu, naye huvichonga kwa kipimo cha miguu yake mwenyewe. Picha hii yafaa kueleza jambo lililoipata nadharia ya mageuko katika karne ya kumi na tisa, jambo ambalo athari zake zilifika Masasi na Newala mapema kuliko inavyodhaniwa.

Charles Darwin alipochapisha kitabu chake juu ya asili ya spishi mwaka 1859, aliweka ndani yake mchoro mmoja tu, nao ulikuwa wa matawi yanayogawanyika. Baadhi ya matawi hufika ukingoni mwa ukurasa na mengi hukatika njiani. Hoja yake ilikuwa kwamba viumbe hubadilika kwa kadiri wanavyofaana na mazingira yao, na kwamba badiliko hilo halilazimiki kuelekea kwenye ubora au uchangamani mkubwa zaidi. Kiumbe tegemezi anayeishi ndani ya mwili wa mwingine aweza kupoteza macho na miguu, na bado akawa amefanikiwa. Ni kweli kwamba Darwin mwenyewe hakuwa thabiti daima. Katika kitabu chake cha mwaka 1871 juu ya asili ya mwanadamu aliandika habari za watu wastaarabu na watu washenzi kama walivyoandika Waingereza wengi wa tabaka lake. Hata hivyo mti aliouchora haukuwa na vidato.

Waliovichonga ni wengine. Herbert Spencer alikuwa ametangaza tangu mwaka 1857, yaani miaka miwili kabla ya kitabu cha Darwin, kwamba maendeleo ni sheria ya vitu vyote, kuanzia nyota hadi serikali. E. B. Tylor mwaka 1871 alizipanga tamaduni katika mfululizo, na Lewis Henry Morgan mwaka 1877 akaigawa historia ya binadamu katika hatua tatu: ushenzi, ukatili na ustaarabu. Kabla yao J. J. Bachofen alikuwa amedai mwaka 1861 kwamba jamii zinazohesabu ukoo kwa upande wa mama ni mabaki ya hatua ya kale zaidi, ambayo Ulaya ilikwisha kuipita. Fikra hizi ziliitwa za mageuko, lakini asili yake haikuwa katika utafiti wa viumbe. Ilikuwa katika imani ya maendeleo ya Ulaya ya viwanda.

Mwezi Julai 1906 Karl Weule wa jumba la makumbusho la Leipzig alikuwa Lindi, akijiandaa kupanda bara. Alikuwa ametumwa kuchunguza watu wa kaskazini, lakini akaelekezwa kusini. Nchi aliyoiingia ilikuwa na majeraha mabichi ya vita vya Majimaji: misheni ya Masasi ilikuwa imechomwa moto mwezi Agosti 1905. Alipita Masasi na Chingulungulu, akapanda Newala, akirekodi nyimbo kwa fonografu na kupiga picha za sinema katika siku za utoto wa vyombo hivyo. Kitabu chake kilitoka mwaka 1908, na mwaka uliofuata kikatafsiriwa kwa Kiingereza na Alice Werner, mwanamke ambaye baadaye alikuwa profesa wa Kiswahili na lugha za Kibantu katika Chuo Kikuu cha London.

Weule hakuwa mtu wa dharau tupu. Alifuata unyago kwa uvumilivu na aliwasifu wafinyanzi. Kinachostahili kuulizwa ni jinsi alivyovipanga vitu alivyoviona. Mwaka 1910 alitoa kijitabu chenye jina ambalo kwa Kiswahili lingekuwa Utamaduni wa Wasio na Utamaduni, kikiahidi kuonyesha mwanzo wa akili ya binadamu. Mwaka 1915 akatoa kingine, Kutoka Kijiti cha Kuhesabia hadi Alfabeti. Majina haya peke yake ni ngazi iliyokamilika.

Mfano mmoja wa safari ile watosha. Weule alionyeshwa kamba yenye mafundo kumi na moja. Mume anayesafiri humwachia mkewe kamba hiyo na kumweleza kila fundo: hili ni siku ya kuondoka, hili ni siku ya kufika kule, hili ni siku ya kugeuza njia. Mke hufungua fundo moja kila siku, na kabla ya fundo la mwisho hujua kwamba ni wakati wa kuandaa chakula. Katika mpango wa vidato, kamba hii ni maandishi yaliyochelewa kuzaliwa. Lakini kusoma na kuandika hakukuwa kigeni Masasi mwaka 1906. Edward Steere, mwanzilishi mkubwa wa taaluma ya sarufi ya Kiswahili, alikuwa amewafikisha hapo watumwa walioachwa huru kutoka Unguja mwaka 1876, na shule ya misheni ilikuwa imefanya kazi karibu miaka thelathini. Pwani nako watu waliandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu muda mrefu kabla ya hapo. Kamba na kalamu zilikuwa za wakati mmoja. Aliyetaka kumpa mkewe hesabu ya siku alikuwa na chombo kisichohitaji wino wala taa, na mke aliweza kukisoma kwa vidole gizani.

Kosa la kuchukua cha wakati mmoja na kukiita cha kale lilirudiwa pia kuhusu uwanda wenyewe. Mgeni aliyefika Newala aliona watu wanaoishi juu ya mlima usio na maji, kwa kuwa udongo wake huinyonya mvua yote, na wanawake wakishuka mteremko kuyafuata maji mabondeni na kupanda nayo. Ni rahisi kudhani kwamba hao ni watu waliosahauliwa na historia. Ukweli ni kinyume chake. Wengi walipanda au walibaki huko kwa sababu ya historia: misafara ya watumwa iliyoelekea Kilwa na Lindi, na mashambulizi ya Wangoni katika nusu ya pili ya karne ya kumi na tisa. Kichaka kizito kisichopitika na mlima usio na chemchemi vilikuwa ngome. Gharama ya ngome hiyo ililipwa kwa vichwa na shingo za wanawake hadi mradi wa maji wa Makonde ulipojengwa katika miaka ya 1950.

Aidha, Wamakua, Wayao, Wamakonde na Wamwera huhesabu ukoo kwa mama. Kwa Bachofen na Morgan hilo lilitosha kuwaweka chini. Lakini utaratibu huo ulipita katika biashara ya masafa marefu, katika misheni, katika kodi ya kichwa na katika zao la biashara, ukibadilika kila mara bila kufuata njia iliyotabiriwa ya kutoka kwa mama kwenda kwa baba. J. A. R. Wembah-Rashid, aliyeandika historia ya jamii hizi mwaka 1975, aliueleza kama utaratibu wa watu walio hai. Askofu Vincent Lucas, wa kwanza wa dayosisi ya Masasi tangu mwaka 1926, naye alikataa kuliona jando kuwa hatua ya kuvukwa. Alilipa sura ya Kikristo. Mtu aweza kubishana na alichokifanya, lakini hakulichukulia jando kuwa masalia.

Wanafunzi wa Kiswahili wanahusika hapa zaidi ya wanavyofikiri. Mwaka 1863 August Schleicher alizipanga lugha kama Spencer alivyovipanga vitu: chini lugha za maneno yasiyonyambulika kama Kichina, katikati lugha ambishi bainishi, ambamo Kiswahili na Kimakonde zingeingia, na juu lugha za mfano wa Kilatini na Kisanskriti. Kiingereza, kilichokwisha kupoteza viambishi vyake vingi, kingepaswa kuhesabiwa kuwa kinashuka. Wachache walipenda kulisema hilo kwa sauti. Katika fasihi nako, kila anayesoma nadharia za chimbuko la fasihi simulizi hukutana na nadharia ya ubadilikaji taratibu na ile ya msambao, na hufundishwa kuziona kama wapinzani. Weule, aliyefuata nyayo za Friedrich Ratzel wa msambao, alizitumia zote mbili kwa pamoja bila shida yoyote. Zote zilimpa mahali pa kusimama juu na kutazama chini.

Neno maendeleo lenyewe halikubeba kidato tangu mwanzo. Kuendelea ni kuzidi kwenda. Mvua huendelea, na ugonjwa pia huendelea. Mageuko nayo yatoka katika kugeuka, na anayegeuka aweza kutazama popote. Katika hili msamiati wa Kiswahili uko karibu na mchoro wa Darwin kuliko sheria ya Spencer. Ngazi iliingizwa katika maneno haya na shule, na serikali ya kikoloni, kisha na mipango ya maendeleo baada ya uhuru, hadi ikawa vigumu kusikia moja bila nyingine.

Mkorosho, mti ulioletwa na Wareno kutoka Brazili na ukaja kuwa uhai wa Masasi na Newala, ndio unaoonyesha vizuri zaidi jinsi mambo yanavyokwenda. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna zaidi ya tani 140,000 za korosho. Msimu wa 1986/87 ilivuna chini ya tani 20,000. Watu walikuwa wamehamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, bei ilikuwa ndogo, na kuvu wa ubwiri unga alikuwa amepata misitu ya miti isiyopaliliwa ambamo angeweza kuenea kwenye maua na machipukizi. Katika masharti ya mageuko, aliyefanikiwa katika miaka hiyo ni kuvu. Watafiti wa Naliendele walileta unga wa salfa, wakachagua miti inayostahimili ugonjwa na kuibebesha kwenye mashina ya zamani. Msimu wa 2017/18 mavuno yalipita tani 313,000. Msimu uliofuata yalishuka tena, na mwezi Novemba 2018, baada ya wanunuzi na Serikali kushindwa kukubaliana bei, malori ya jeshi yalitumwa kusini kusomba korosho maghalani.