Yule Mzee Alienda Wapi?

Mwaka wa 2010, nikiwa darasa la sita, nilinunua diski moja mtaani kwa shilingi 50. Ndani yake mlikuwa na Star Wars zote sita. Mimi nikaanza na namba moja, kama mtu yeyote mwenye akili timamu. Kufika namba tano, Darth Vader anapomwambia Luke kuwa yeye ndiye babake, wala sikushtuka. Si nilishamwona Vader akiwa mtoto, akaoa, akaungua? Nilishangaa tu mbona Luke anapiga mayowe hivyo.

Binamu yangu, aliyenizidi kwa miaka kumi na miwili, alikuwa ameketi nyuma yangu. Yeye alizitazama zile tatu za zamani kwenye kanda za video. Akaniuliza, "Kwani hujashtuka?" Alikuwa ananionea huruma kabisa.

Huo ndio ubishi wenyewe. Filamu za zamani zilitoka 1977, 1980 na 1983. Zile za utangulizi, zinazoeleza mambo ya kabla, zilikuja 1999, 2002 na 2005. Je, hizi za baadaye zimeziharibu zile za kwanza?

Wanaosema ndiyo wana hoja. Siri ya Vader ililindwa sana. David Prowse, aliyevaa lile vazi jeusi, alipewa maneno mengine ya kusema siku ya kurekodi, kisha sauti ya James Earl Jones ikaingizwa baadaye na maneno ya kweli. Leo ukianza na namba moja, siri yote iko nje. Halafu kuna mambo yasiyoshikana. Katika filamu ya 1983, Leia anasema anamkumbuka kidogo mamake mzazi. Katika ile ya 2005, mama huyo anafariki punde tu baada ya kujifungua. Anamkumbuka vipi?

Lakini mimi nilisoma historia chuo kikuu kwa miaka miwili kabla karo haijanishinda, na kuna swali moja nililotoka nalo pale: hati hii iliandikwa lini? Uliza hivyo na kesi inageuka. Filamu ya 1977 ilipotoka haikuwa na namba yoyote. Maneno "Episode IV" yaliongezwa iliporudishwa sinemani 1981. Ndani yake, mzee Obi-Wan anasema Vader alimuua baba ya Luke. Na mwaka wa 1978, mwandishi Leigh Brackett alipoandika rasimu ya kwanza ya filamu ya pili, baba ya Luke alitokea kama roho ya marehemu, mtu tofauti kabisa na Vader.

Kwa hivyo filamu ya kwanza kuipindua ile ya 1977 ni ya 1980. Ndiyo iliyomfanya Obi-Wan aonekane mwongo, hadi 1983 ikabidi ajitetee mbele ya Luke. Na mashabiki wengi wanaipenda hiyo ya 1980 kuliko zote. Basi kosa si hadithi mpya kubadilisha maana ya hadithi kuukuu. Hilo hutokea hata nyumbani, siku unapojua wazazi wako walikuwa nani kabla yako.

Kosa nililiona mwisho wa filamu ya sita. Roho ya babake Luke ilipotokea, binamu yangu aliruka. "Yule mzee alienda wapi?" Kwenye skrini alisimama kijana, Hayden Christensen, wa zile filamu mpya. Binamu akaapa kuwa pale palikuwa na mzee. Nikamcheka. Nikamwambia kumbukumbu zake zimeisha betri. Nilikuwa na ushahidi, yeye alikuwa na maneno matupu.

Miaka baadaye nikajua. Mwaka wa 1983 pale alisimama Sebastian Shaw, mwigizaji Mwingereza, ambaye uso wake bado unaonekana dakika chache kabla, Vader anapovuliwa kofia. Shaw alifariki 1994. Toleo la DVD la 2004 likamwondoa kwenye ile picha ya mwisho na kumweka Christensen.

Kinachouma zaidi ni kwamba mnamo 1988 George Lucas mwenyewe alifika mbele ya Bunge la Marekani kupinga watu kuchezea filamu za zamani, kama kuzipaka rangi zile za nyeusi na nyeupe. Mwaka wa 1997 akaanza kuzichezea zake. Zile za awali zilitolewa kwenye DVD mwaka wa 2006, kama nyongeza, kwa muda mfupi.

Andika utangulizi hata kumi, mimi nitatazama. Lakini usiende stoo kubadilisha ile ya kwanza kisha umwache aliyeiona aitwe mwongo.

Mwaka jana nilimtumia binamu yangu picha ya Shaw kwa WhatsApp. Alijibu neno moja tu: "Nilikwambia."