Kabla ya Kumkabidhi Fimbo

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Nyambureti, wilayani Serengeti, wazee wawili wa ukoo wetu walipoingia jioni na kuketi bila haraka. Baada ya habari za mvua na za tembo walioshuka mashambani, wakasema kilichowaleta: walitaka wakati ukifika nichukue fomu ya kugombea ubunge. Nilicheka, nikawaambia kwamba mwalimu wa chuo hana fedha za kampeni. Mmoja wao hakucheka.

"Mwanangu," alisema, "tunasikia ukifunga chuo unafanya kazi ya ushauri. Unamshauri nani?"

Nilisita. Miaka kadhaa iliyopita niliandika ripoti kwa ajili ya kampuni moja yenye maslahi katika ardhi ya mkoa wetu, na katika mkataba nilitia saini kifungu cha usiri. Nikamjibu kwa lugha ya kisomi kwamba hiyo ni siri ya mteja. Mzee akatikisa kichwa. "Mtu akija kuomba kuchunga ng'ombe wangu, namuuliza alichunga kwa nani kabla yangu. Akisema ni siri, simpi fimbo."

Nimelibeba swali hilo hadi chuoni, na kwa kuwa kazi yangu ni historia nimejiuliza ni lini taifa letu liliacha kuliuliza. Kwa maana liliwahi kuulizwa, tena na mtu wa Mara hii hii, Mwalimu Nyerere wa Butiama. Azimio la Arusha lililotangazwa Februari 1967 liliweka masharti ya uongozi. Kiongozi wa TANU au wa Serikali hakuruhusiwa kuwa na hisa katika kampuni yoyote, wala kuwa mkurugenzi katika kampuni ya kibepari, wala kupokea mishahara miwili au zaidi, wala kuwa na nyumba ya kupangisha. Waandishi wake waliijua vema hila ya kuandikisha mali kwa jina la mwenza, na ndiyo maana walieleza kwamba kiongozi ni mtu pamoja na mkewe, au mke pamoja na mumewe.

Ushauri elekezi kama tunavyoufahamu leo haukutajwa humo. Lakini masharti hayo yalihusu mambo mawili yaliyokwenda pamoja: kiongozi anamiliki nini, na nani mwingine anamlipa. Sidai kwamba yaliheshimiwa na wote, maana wengi waliyakwepa kwa majina ya ndugu. Ninachodai ni kwamba mwananchi alikuwa na haki ya kuuliza yote mawili.

Februari 1991, Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM ilikutana Zanzibar na kuyalegeza masharti hayo. Mwanachama akaruhusiwa kuwa na hisa, ukurugenzi, nyumba za kupangisha na zaidi ya mshahara mmoja. Simo miongoni mwa wanaolilia kila herufi ya Azimio la Arusha. Mishahara ya utumishi wa umma ilikuwa imekwisha kuliwa na mfumko wa bei, na mwalimu aliyefuga kuku uani hakuwa bepari. Kosa ni kwamba tulipoondoa katazo hatukuweka wajibu wa kusema mahali pake.

Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995 ilikusudiwa kuliziba pengo hilo. Iliziba nusu tu. Inamtaka kiongozi atoe tamko la mali na madeni yake ndani ya siku 30 baada ya kushika wadhifa, kisha kila mwisho wa mwaka, na anapoondoka. Hebu tuisome kwa jicho la mpiga kura. Kwanza, mgombea mpya hutoa tamko lake baada ya kura kuhesabiwa. Pili, tamko hilo huhesabu vitu: nyumba, hisa, akiba benki. Malipo ya ushauri yakishaingia benki hubaki tarakimu, na jina la mlipaji halionekani. Tatu, mwananchi anayetaka kuliona hufika kwenye daftari hilo kwa masharti na kwa ada.

Gharama ya pengo hilo ilionekana katika sakata la Escrow. Mkataba wa TANESCO kununua umeme wa IPTL kwa miaka 20 ulitiwa saini 1995, wakati Andrew Chenge akiwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, cheo alichokishika tangu 1993 hadi 2005. Baadaye akawa mbunge wa Bariadi Magharibi na waziri. Mwaka 2014 Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, chini ya Zitto Kabwe, ilipofuatilia fedha zilizotoka katika akaunti ya Tegeta Escrow, ilionekana kwamba Chenge alikuwa amelipwa shilingi bilioni 1.6 na VIP Engineering, kampuni iliyokuwa na hisa asilimia 30 katika IPTL. Februari 2015 Sekretarieti ya Maadili ilimfikisha mbele ya Baraza la Maadili, ikilalamika kwamba baada ya kuishauri Serikali juu ya IPTL alikuja kuwa mshauri wa VIP. Naye aliweka pingamizi akitegemea amri ya Mahakama Kuu.

Sikusudii kumhukumu, hiyo si kazi ya mwanahistoria, na malalamiko si hukumu. Natazama mpangilio wa mambo tu. Mwaka huo wa 2014 alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Bajeti ya Bunge, na ndiye aliyeongoza Kamati ya Uandishi ya Bunge Maalumu la Katiba. Wabunge wenzake walikaa naye mezani wakijadili fedha za nchi, na wapiga kura wa Bariadi walikuwa wamemrudisha bungeni 2010. Hawakuwa na daftari lolote la kuwaonyesha nani aliwahi kuwa mteja wake. Waliyajua kwa sababu akaunti za benki zilifunguliwa katikati ya kashfa. Kashfa isingezuka, tusingejua.

Wenzangu wa kitivo cha sheria watanikumbusha kwamba wakili amefungwa mdomo juu ya siri za mteja. Ni kweli, na ni vema iwe hivyo: mjane aliyekuja ofisini na kesi ya shamba hastahili kutajwa katika siasa za mtu mwingine. Lakini jina la kampuni si sawa na siri zake. Marekani walijaribiwa kwa jambo hili Desemba 2019. Pete Buttigieg, aliyekuwa akiwania kuteuliwa na chama cha Democratic kugombea urais, alikuwa amefanya kazi katika kampuni ya ushauri ya McKinsey kati ya 2007 na 2010, na mkataba ukamzuia kutaja wateja. Shinikizo lilipozidi, kampuni ilimruhusu akatoa orodha. Ndani yake mlikuwa na kampuni ya bima ya afya ya Michigan, maduka makubwa ya Canada na idara kadhaa za serikali. Wapinzani wake waliiparua ile ya bima, yeye akajieleza, na wapiga kura wakaamua. Hakuna ripoti ya siri iliyolazimika kuchapishwa.

Ninachopendekeza ni kidogo. Siku ya kurudisha fomu, mgombea ataje kampuni na taasisi zilizomlipa kwa ushauri katika miaka mitano iliyotangulia, kipindi cha kazi na mada yake kwa sentensi moja, na orodha hiyo ibandikwe pale pale yanapobandikwa majina ya wagombea. Watu binafsi waachwe. Nanyi wanaharakati msitabasamu mapema: ripoti mnazowaandikia wafadhili nazo ni ushauri, na zimo.

Kwa watu wa kwetu hili si anasa. Serengeti mtu hulala akiwaza mpaka wa hifadhi, kampuni za utalii na fidia ya mazao. Jirani zetu wa Tarime wameishi na mgodi wa North Mara tangu 2002. Mbunge wa huku atakutana na kampuni hizo mezani kila mwaka, na anayemtuma ana haki ya kujua kama mjumbe wake aliwahi kukaa upande wa pili wa meza hiyo.

Niliporudi chuoni niliiandikia ile kampuni, nikaomba ruhusa ya kuitaja kwa jina na kueleza niliifanyia kazi gani. Ofisa wao alinijibu kwa adabu kwamba ombi langu limepelekwa kwa wanasheria. Mzee amenipigia simu mara mbili kuuliza. Nimemwambia bado nangoja, na fomu sitaigusa kabla ya jibu.