Kutoka Soin hadi Kericho: historia ya pikipiki ya kila siku, jua na mvua

Leo tuache kompyuta kidogo. Tuzungumzie mashine nyingine ambayo kila siku inafanyiwa marekebisho na watumiaji wake, tena bila kumwomba ruhusa aliyeitengeneza. Nazungumzia pikipiki ya bodaboda.

Nimechagua Soin kwa sababu ni mahali pazuri pa kuijaribu. Jina lenyewe linaeleza. Kwa Wakipsigis, soin ni nyanda za chini zenye joto, na mosop ni nyanda za juu zenye baridi. Soin ya Kaunti ya Kericho iko upande unaoteremka kuelekea bonde la Nyando, kwenye jua na miwa. Mji wa Kericho uko juu, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, katikati ya mashamba ya chai. Mtu anayeishi chini na kufanya kazi juu hupanda mita 700 hivi asubuhi na kuziteremka jioni. Hewa hupoa kwa takribani nyuzi 4 au 5 njiani. Na alasiri, mara nyingi, mvua inamngoja.

Tena si mvua ya kawaida tu. Kericho inajulikana duniani kwa wingi wa mvua ya mawe. Katika miaka ya 1960 yalifanywa majaribio ya kuipunguza kwa kupeleka kemikali mawinguni ili kuokoa majani ya chai. Chai ilitafutiwa wanasayansi. Mwendesha pikipiki alijitafutia mwenyewe, yeye na fundi wake wa jua kali. Historia yao ndiyo ninayotaka kuisimulia.

Baiskeli kwanza

Wengi wenu mnajua asili ya neno bodaboda. Ni "border", yaani mpaka. Katika miaka ya 1960 vijana walibeba watu kwa baiskeli kati ya Kenya na Uganda, upande wa Busia, wakiita abiria wa kuvushwa kutoka mpaka hadi mpaka. Lakini angalia walichofanya kwa chombo chenyewe. Baiskeli ilitoka kiwandani na keria ya chuma ya kubebea mzigo. Wao wakaiwekea mto, wakachomelea mahali pa kuweka miguu, wakaimarisha spoki. Kiwanda kiliuza chombo cha mtu mmoja, mtumiaji akakifanya cha wawili. Tabia hii haikuisha baiskeli zilipoondoka.

Kwenye milima ya chai baiskeli ilikuwa na kikomo. Kumkwea mtu mzima mlimani kwa pedali ni kazi ya kuvunja mgongo. Mlango ulifunguka mwaka 2008, serikali ya Kenya ilipoondoa kodi kwenye pikipiki ndogo, zile zisizozidi sisi 250. Bei ikashuka, na katika muda mfupi kila njia panda ikawa na steji yake.

Injini iliyosamehe makosa

Injini nyingi zilizofurika Afrika Mashariki wakati ule zilitoka China, lakini muundo wake ulianza Japani. Mwaka 1976 Honda ilitoa CG125. Kabla yake kampuni ilikuwa imeona tatizo katika nchi zinazoendelea. Pikipiki zake zenye kamshafti juu ya injini zilihitaji oili safi, na wateja hawakuibadilisha kwa wakati. Kamshafti ikalika.

Kampuni ingeweza kuwalaumu wateja na kuwaandikia kitabu kinene cha maelekezo. Sisi waandishi wa programu tunaijua sana njia hiyo. Badala yake walirudi kwenye teknolojia ya zamani: kamshafti ikawekwa chini, na vijiti vikasukuma vali kule juu. Injini hiyo haikuwa ya mbio, lakini ilivumilia kusahauliwa. Viwanda vya China vikaiga muundo huo, na kwa njia hiyo ukafika vijijini kwetu.

Kabla ya hapo, mwaka 1958, Honda ilikuwa imetoa Super Cub, pikipiki ambayo hadi 2017 ilikuwa imetengenezwa zaidi ya milioni 100. Ilikuwa na ngao ya plastiki ya kukinga miguu na kifuniko kilichoficha cheni yote. Watu waliokwenda kazini kwa matope walikumbukwa mapema. Ajabu ni kwamba mambo hayo mawili ndiyo yalikatwa kwenye pikipiki nyingi za bei nafuu tulizoletewa baadaye. Fundi wetu akalazimika kuyarudisha kwa mkono.

Vita na maji

Sasa tuingie gereji. Ukichunguza pikipiki iliyokaa mwaka mzima kwenye njia ya mvua, utaona karibu kila kilichoongezwa kinapambana na maji.

Kwanza madigadi. Ya kiwandani ni fupi. Tairi la mbele hurusha matope kwenye injini na kwenye viatu. Fundi hukata kipande cha mpira, mara nyingi cha tairi au tyubu ya zamani, akakifunga kwa skrubu mbili kikining'inia karibu na ardhi. Gharama yake ni ndogo mno, na sijui kiongezo kingine kinacholeta faida haraka kama hicho.

Pili plagi. Umeme wa cheche ni wa volti maelfu, na unapenda njia rahisi. Kofia ya plagi ikiwa na ufa, maji huingia, umeme hutorokea kwenye chuma, injini hukohoa na kuzima katikati ya mlima. Dawa ni kofia mpya yenye mpira mzima, na grisi maalumu ya umeme ndani yake. Wengi hufunga kipande cha tyubu juu yake. Si kizuri kwa macho, lakini kinafanya kazi.

Tatu cheni. Mvua huosha oili, vumbi la murramu hugeuka kuwa msasa, na sproketi huota meno ya papa. Wengi hupaka oili chafu iliyotolewa kwenye injini kwa kuwa ni ya bure. Tatizo ni kwamba oili hiyo hubeba chembe za chuma. Oili nzito safi kidogo kila jioni, cheni ikiwa bado na joto, hudumu zaidi.

Nne breki. Breki za ngoma zikilowa hupoteza nguvu hadi zikauke. Breki ya diski nayo hulowa, ila hujipangusa upesi. Honda iliipeleka diski kwa umma mwaka 1969 kwenye CB750, pikipiki ya wenye pesa. India, ambako pikipiki zetu nyingi za sasa hutoka, ilipitisha sheria iliyokamilika kutumika Aprili 2019: pikipiki mpya ya zaidi ya sisi 125 iwe na mfumo wa kuzuia gurudumu kukwama, na ndogo zaidi ya hapo iwe na breki za mbele na nyuma zinazoshika pamoja. Ukinunua pikipiki leo, uliza kama ile inayouzwa hapa imewekwa kitu hicho. Usidhani tu.

Vita na giza

Taa ina historia ya kuudhi. Katika pikipiki nyingi za bei nafuu, taa ya mbele haikupata umeme kutoka kwenye betri. Ilipata moja kwa moja kutoka kwenye koili za injini. Ukipunguza mwendo, umeme unapungua, taa inafifia. Yaani unapopunguza mwendo kwa sababu huoni vizuri, unazidi kutoona! Ingekuwa programu, tungesema hitilafu iko kwenye muundo wenyewe, si kwenye msimbo.

Mafundi walikuja na kiraka. Walibadilisha waya ili koili zichaji betri kupitia rektifaya, kisha taa ikala kwenye betri. Baadaye zikaja balbu za LED zinazotumia umeme kidogo, na kiraka kikawa rahisi. Simu nazo zilisukuma mabadiliko hayo. M-Pesa ilianza Machi 2007, na bodaboda ambaye simu yake imezima hapokei malipo wala kuitwa na mteja. Tundu la kuchajia simu likachomekwa kwenye usukani. Miaka ikapita, baadhi ya viwanda vikaanza kuliweka vyenyewe, pamoja na kiti kirefu na keria pana. Wenye programu huria wanaijua hadithi hii: mtumiaji anaandika kiraka, na toleo linalofuata linakibeba.

Lakini si kila kiraka ni kizuri. LED za bei rahisi, nyeupe kali, zikifungwa kiholela humwaga mwanga kila upande. Kwenye ukungu wa milima ya chai, mwanga huo hurudi machoni mwako kama ukuta mweupe, na anayekuja mbele yako anapofuka. Taa nzuri inaelekezwa chini na ina kingo. Pima hivi: kwa kilomita 60 kwa saa unasafiri karibu mita 17 kila sekunde. Kama taa yako inakuonyesha mita 20 tu, umebaki na sekunde moja ya kuamua.

Vita na baridi

Mwendeshaji naye ni sehemu ya mashine. Ulaya, watu wa pikipiki waliazima koti la pamba lililopakwa nta kutoka kwa mabaharia. Mwaka 1969 Bob Gore wa Marekani alipata njia ya kuvuta plastiki hadi iwe utando unaozuia maji na kupitisha jasho, nayo makoti ya bei ghali yakazaliwa.

Kericho ilichagua gambuti. Zilikuwepo shambani tayari, bei yake inaeleweka, na maji hayapiti. Juu yake koti zito, na mifuko mikubwa iliyofungwa kwenye usukani ili mikono iingie. Usicheke mifuko hiyo. Vidole vilivyokufa ganzi huchelewa kushika breki, na kuchelewa nusu sekunde ni mita nane.

Kisha kuna mwavuli mkubwa unaofungwa kwenye pikipiki, unaomfunika dereva na abiria. Kama kinga ya mvua ya wima, unafanya kazi. Ila ni tanga. Upepo ukija ubavuni, au lori likikupita, nguvu yote inashika juu, mbali na matairi, na pikipiki inasukumwa pembeni. Kwa safari ndefu ya lami kama ile ya Kericho kwenda Kisumu, uvue, uvae koti. Abiria naye abebewe la kwake.

Kisichofungwa kwa spana

Mwaka 2012 Sheria ya Trafiki ilirekebishwa: helmeti na jaketi lenye reflekta kwa mwendeshaji, na abiria mmoja tu. Wengi waliona jaketi kama kisingizio cha faini. Lakini kwenye mvua ya saa kumi na mbili jioni, jaketi hilo ni taa isiyohitaji betri. Lioshe. Likijaa matope ni nguo tu.

Na lazima tuseme ukweli wote. Tarehe 30 Juni 2023, kwenye makutano ya Londiani, humu humu Kaunti ya Kericho, lori lilipoteza mwelekeo likagonga magari, wachuuzi na waendesha bodaboda waliokuwa kando ya barabara. Watu wapatao 50 walikufa. Hakuna tairi, taa wala helmeti ambayo ingewaokoa wale. Waliokuwa wamesimama steji walihitaji steji iliyo mbali na lami, na lori lenye breki. Tunapozungumzia viongezo vya pikipiki tusimtwike mwendeshaji mzigo wote wa usalama, kwa maana mwingine ni wa wajenzi wa barabara.

Na stima je?

Pikipiki za umeme zimefika. Kigali ilianza mapema, mwaka 2019, kupitia Ampersand. Nairobi kuna Roam, iliyoanzishwa 2017 kwa jina la Opibus. Je, ya umeme itaweza mlima wetu?

Tupige hesabu. Pikipiki, dereva na abiria, tuseme kilo 250. Kuwapandisha mita 700 kunahitaji karibu nusu uniti ya stima, ile ile unayonunua kwa tokeni, kabla ya kuhesabu upepo na msuguano. Betri ya pikipiki hizi ni ya uniti mbili hadi tatu hivi. Kwa hiyo inaweza, ila mlima unakula sehemu kubwa ya chaji, na kituo cha kubadilishia betri kinafaa kiwe juu, si chini. Kwa upande wa mvua, haina plagi ya kulowa wala kabureta. Swali jipya ni viunganishi vya waya na kutu. Bila shaka fundi fulani tayari ana kipande cha tyubu mkononi.

Ukiniuliza uanzie wapi na pesa kidogo, historia hii inatoa mpangilio. Tairi zenye meno na breki nzima kwanza. Madigadi ndefu na kofia ya plagi wiki hiyo hiyo. Kisha taa iliyoelekezwa vizuri, reflekta safi, koti na gambuti. Kengele, rangi na spika vije mwisho, kama pesa imebaki. Mambo ya mbio hayamo kwenye orodha, kwa sababu katika miaka yote hii wanaokwea kila siku hawakuyahitaji. Walihitaji kufika juu, kufanya kazi, na jioni kuteremka nyumbani wakiwa wazima.