Ugomvi Ndani ya Kioo

Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki, ya kwanza duniani kuonyeshwa watu wote. Mwaka uliofuata Philip Henry Gosse alichapisha kitabu chake The Aquarium, na muda si muda matangi ya maji ya chumvi yakawa pambo la sebule za Uingereza. Tangu hapo binadamu akaweza kukaa kitini na kumtazama samaki akiishi. Ila alichokitazama kilikuwa kipande cha bahari kilichozungushiwa kuta, na tofauti hiyo imezaa makosa yasiyokuwa madogo.

Konrad Lorenz, mwanazuoni wa Austria aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 1973 pamoja na Karl von Frisch na Nikolaas Tinbergen, aliwatazama samaki wa matumbawe huko Florida, kisha ndani ya matangi. Katika kitabu Das sogenannte Böse cha mwaka 1963 alieleza kwamba samaki wa jamii mbalimbali hupishana bila ya neno, ilhali wa jamii moja hung'atana. Zilipohesabiwa, katika kila mara 100 za kung'atana, 85 hivi zilikuwa baina ya jamii moja. Wahenga wetu wasingeshangaa, kwani kikulacho ki nguoni mwako. Anayefanana nawe ndiye anayelitaka pango lako na malisho yako.

Tumtazame kangaja wa buluu, anayepatikana kuanzia pwani yetu hadi Indonesia. Mwambani, samaki huyu mara nyingine hula mwani katika kundi kubwa la wenziwe. Tangini, wakiwekwa wawili, mmoja huweza kumwandama mwenziwe kwa wembe ulioko kwenye shina la mkia wake mpaka akamuua. Je, tabia yake imebadilika? La. Baharini anayeshindwa hukimbia, na akishavuka mpaka ugomvi umekwisha. Ndani ya kioo mshinde hukimbia akafika ukutani, na mshindi humwona bado yumo katika himaya yake.

Lorenz mwenyewe alilitambua jambo hili. Hata hivyo alisonga mbele, akasema kwamba ukali ni silika inayojikusanya ndani ya kiumbe, binadamu akiwemo, ikitafuta pa kutokea. Akapendekeza michezo iwe mojawapo ya njia za kuitolea. Neno hilo lilikuwa zito likitoka kwa mtu aliyejiunga na chama cha Wanazi mwaka 1938. Vita vikiwa silika, nani atalaumiwa? Mwaka 1986 wanasayansi waliokutana Seville, Hispania, walitamka kwamba si sahihi kisayansi kudai kuwa vita vimo katika maumbile yetu. UNESCO ililipokea tamko hilo mwaka 1989, mwaka uleule aliofariki Lorenz.

Wafugaji wa samaki, ambao hawakuandika falsafa, walikuwa wamekwisha kujibu kwa mikono yao. Hawakujaribu kuyageuza maumbile ya samaki, waligeuza mahali. Huchagua tangi kubwa. Wa jamii yenye ubabe huwekwa mmoja tu, naye huingia mwisho, wenzake wakiwa wamekwisha kupata makazi. Mgeni akija, mawe hupangwa upya ili mwenyeji naye awe mgeni. Au huwekwa kizuizi cha kioo kwa siku kadhaa, wakatazamana bila ya kugusana. Mapango huongezwa ili mnyonge apate pa kujificha. Ikishindikana, mmoja hutolewa.

Sisi watu wa visiwani, ambao ardhi yetu ina kikomo, hatuna budi kuizingatia historia hii. Majirani wanapogombana juu ya kisima au kiwanja, tusifanye haraka kusema kwamba ndivyo walivyoumbwa. Tuulize kwanza ni nani aliyejenga ukuta, na aliyeshindwa amebakishiwa wapi pa kwenda.