Kompyuta Iliyozimika Ghafula: Namna Inavyojichunguza Kabla ya Kuanza Kazi

Kila mtu aliyekaa Kisangani anajua ya kuwa hapa ndipo meli za kutoka Kinshasa zinapokoma. Mbele kuna maporomoko ya Boyoma, na meli haiwezi kuyapita. Ndiyo sababu ilijengwa reli mpaka Ubundu, kilometa 125, ikafunguliwa mwaka 1906, mji ulipokuwa ukiitwa bado Stanleyville. Shehena ilishushwa melini ikapakiwa garini. Basi, tuseme karani anaandika magunia yanayotoka na yanayoingia, mara mvua kubwa inanyesha, watu wanakimbia. Kesho yake karani mwenye akili haanzi kupakia. Kwanza anahesabu: je, daftari na magunia vyapatana?

Kompyuta nayo ina desturi hiyo hiyo, hasa zile za ukoo wa Unix. Tuone ilivyoipata.

Diski ya kompyuta imegawanywa katika vyumba vidogo vidogo, vingi mno. Kila faili lina kadi yake, nayo kadi yasema: mwenyewe ni nani, ukubwa ni kadiri gani, maneno yake yamelala katika vyumba gani. Lakini jina la faili halimo katika kadi. Limo katika folda, ambayo yasema tu: jina fulani, kadi namba fulani. Tena iko orodha ya tatu, ya vyumba vilivyo wazi. Kwa hiyo mtu akiandika barua moja tu, mashine yapaswa kusahihisha mahali patatu.

Wala haisahihishi papo hapo. Diski ni nzito kuliko kumbukumbu ya ndani, basi kompyuta yashika kazi kwanza katika kumbukumbu, halafu yaimimina diskini. Katika Unix ya zamani, programu ndogo ilifanya hivyo kila sekunde 30. Umeme ukikatika katikati, madaftari yanagombana: moja lasema chumba ki wazi, jingine lasema kina mwenyewe. Au kadi mbili zadai chumba kimoja. Hapo ndipo hatari ilipo, maana mashine ikianza kuandika bila kuchunguza, yaweza kuweka barua mpya juu ya barua ya mtu mwingine.

Unix ilianza mwaka 1969 huko Marekani, katika maabara ya Bell, kwa kazi ya Ken Thompson, Dennis Ritchie na wenzao. Programu za kwanza za kuchunguza diski, kama icheck na dcheck, zilitaja makosa, lakini matengenezo yalikuwa kwa sehemu kubwa kazi ya mtu mwenye ujuzi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 T. J. Kowalski aliandika programu iitwayo fsck, nayo iliweza kutaja kosa na kulitengeneza pia. Kazi yake ina hatua tano. Yatazama kwanza kadi na vyumba vyake. Ya pili, majina katika folda. Ya tatu, kama kila folda yafikika kutoka shina. Ya nne, kama hesabu ya majina ya kila kadi ni sawa. Ya tano, orodha ya vyumba vilivyo wazi. Faili lisilo na jina popote halitupwi. Lawekwa katika folda iitwayo lost+found, yaani vilivyopotea vikaonekana, lingoje mwenyewe.

Hapa msomaji atauliza: programu ya kuchunguza nayo imo diskini, basi itatokaje katika diski isiyoaminika? Swali ni zuri. Kompyuta ikiwashwa, programu fupi iliyomo katika chembe ya mashine yenyewe yaamka, yapima viungo, kisha yaita kipakizi kutoka diskini. Kipakizi chaleta kerneli, ndiyo programu kuu inayotawala mashine. Katika Linux, mtoto wa ukoo huu aliyeanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, kerneli kwa desturi yafungua diski kwa kusoma tu, bila ruhusa ya kuandika. Halafu yaanzisha programu namba 1, ambayo yaita fsck. Uchunguzi ukiisha salama, ndipo ruhusa ya kuandika yatolewa, na watu waulizwa majina yao. Kosa likiwa kubwa mno, mashine yasimama na kumwita mtu.

Lakini diski zilikua, na kuhesabu vyumba vyote kukachukua saa nyingi. Ndipo ikatafutwa njia nyingine. Mwaka 1990 kampuni ya IBM ilileta katika Unix yake, AIX, mfumo wenye daftari la kazi. Mwaka 2001 Linux ikapata wa kwake, uitwao ext3. Mashine yaandika kwanza katika daftari badiliko inalotaka kufanya, yatia alama ya kuthibitisha, halafu yalifanya. Umeme ukikatika, haihesabu ghala lote. Yasoma kurasa za mwisho tu: kazi yenye alama yamalizwa, isiyo na alama yaachwa.

Jambo hili latuhusu. Umeme wa Kisangani hutoka katika bwawa la mto Tshopo, lililojengwa katika miaka ya 1950, na kwa miaka mingi umekuwa ukikatika mara nyingi. Na yaliyomo katika diski ni mali. Huko Yangambi, kilometa kama 100 kutoka hapa, watu waliandika kwa mkono tangu mwaka 1937 hata 1958 ni lini miti ya msitu yatoa maua na kupukutisha majani. Baadaye karatasi zile zilipigwa picha, na habari zake zikaingizwa katika kompyuta. Karatasi ilivumilia miaka mingi. Diski yaweza kuharibika kwa dakika moja.

Kwa hiyo tujue mambo mawili. Kwanza, kompyuta ikichelewa kuamka na kusema yachunguza diski, tusiizime kwa haraka. Pili, tusidhani ya kuwa uchunguzi warudisha yote. Fsck yapatanisha madaftari ya diski. Maneno yasiyofika diskini haiwezi kuyarudisha, wala haiponyi diski iliyokufa. Anayependa kazi yake na aihifadhi mara kwa mara, tena awe na nakala ya pili mahali pengine, mbali na mashine ile.